Sementi Juu ya Shimo

Wewe unayepandisha kioo cha gari ukipita wilaya ile ya mpakani, leo kiteremshe umtazame Bi Kokubanza.

Wakati wa vita askari walimpiga risasi mumewe, Rwegoshora, wakamtupa pamoja na wenzake katika shimo nyuma ya ghala la kahawa. Maiti haikurudi, basi ukoo ukazika shina la mgomba badala yake, kama desturi inavyotaka. Kwa haraka ya kukimbia mabomu wakasahau kulikata kitako chenye mizizi, nalo likachipua. Miaka arobaini sasa, ndizi za kaburi lile hakuna anayethubutu kuzila. Marehemu amekataa kuzikwa.

Leo mjane amefika kuchota udongo wa shimoni, akamzike upya. Amekuta sakafu ya sementi, na juu yake choo cha wageni wapitao barabarani.

"Shikamoo, bibi," mgambo anayelinda pale akasema. "Choo ki wazi, karibu."

"Marahaba. Sikufuata choo. Nimemfuata aliye chini yake."

"Ah! Hayo ya kale wakubwa walishayafukia."

"Walimfukia wa kwao? Huyu ni wangu."

Akapiga magoti, akaanza kukwangua ufa kwa ufunguo wa nyumba yake. Mgambo akaangaza huku na huku, mwisho akavua kofia, akasimama nayo mkononi. Kilichotoka ni vumbi la sementi tupu.

Ufunguo haufiki chini. Wewe mwenye sururu, unangoja nini? Njoo nayo leo hii, yule mama bado anakwangua.