Asilimia Mbili

"Bibi, tamthilia yenu ya Kikorea imeporomoka," mjukuu wangu alisoma kwenye simu. "Watazamaji asilimia mbili tu! Niwawekee inayoongoza?" Rimoti alishaishika.

Babu yake alikuwa hajatamka neno tangu apooze. Kila jioni humsomea tafsiri inayopita chini ya picha, kwa kisomo changu cha darasa la saba, naye huinua kidole kimoja nikikosea.

"Kitendawili," nikamwambia mjukuu.

"Tega."

"Wawili tu wanatazama, na nyumba imejaa."

"Hesabu gani hiyo, Bibi?" Akacheka, akabonyeza.

Mama wa kwenye tamthilia, aliyekuwa akimfungulia mlango mwanawe aliyepotea, akatoweka.

Kidole cha mzee kikainuka. Kisha mdomo wake, ulioenda upande, ukafunguka.

"Rudisha," akasema.