Waya wa Goma

"Mama, futa yote," komanda alisema, akisogeza kiti karibu na kompyuta.

Victorine alizitazama picha alizopiga kijijini Buleusa, nyumba zilizochomwa na watu wa komanda. Kila picha aliyoiongeza hapa Itebero, mashine ya ofisi yao kule Goma iliiongeza yenyewe kupitia antena. Aliyoifuta, nayo iliifuta.

Taa ya antena ilimetameta.

"Ngoja kwanza nitoe hii waya, Papa. Njo iko inakula batri."

"Toa."

Waya wa antena ulikuwa na joto. Pale panya walipoutafuna, Victorine alikuwa ameufunga kwa kamba ya mgomba. Akauchomoa taratibu, taa ikazimika.

Akafuta moja moja, komanda akitazama.

Komanda alipotoka, Victorine akaukatakata waya kwa kisu cha mihogo, mtu asije akaurudisha na picha za Goma nazo zikafutika.