Vumbi Juu ya Mlango

Mzee wa watu alikuwa amepanda kistuli chake tena. Mkono mmoja kashika fremu, mwingine kaupeleka juu kabisa ya mlango ulio wazi na kipande chake cha penseli, anapapasa. Safari hii alikaa huko juu muda mrefu kuliko ghorofa ya kwanza.

"Anatafuta vumbi," msimamizi wa ujenzi alimnong'oneza fundi seremala. "Utadhani mama mkwe kaja kukagua jiko."

Fundi hakucheka. Alikuwa anahema.

Jengo lilikuwa la ghorofa tano, jipya, na wapangaji walikuwa wanahamia Jumatatu. Kila ghorofa ilitakiwa iwe na mlango wa kuzuia moto mwisho wa korido, kwenye ngazi za dharura. Mwenye kampuni alikuwa shemeji yake msimamizi, kaka wa mkewe, na jana alisema mbele ya watoto: mlango mmoja tu ukikataliwa, kazi huna, na kile chumba cha uani kwangu unakihama. Msimamizi hakulala.

Kumbe alijisumbua bure. Mkaguzi mwenyewe ndiye huyu! Kibabu cha magoti mabovu, miwani imefungwa kwa uzi, kinachopanda lifti kwa ghorofa moja. Mtu mzima ovyo.

Mkaguzi alishuka, akaufungua mlango mpaka mwisho, akauachia. Ukajifunga wenyewe, kitasa kikalia. Akapitisha kipimo chake chembamba pembeni, akabonyeza ule ukanda unaovimba kwa joto na kuziba moshi.

"Mlango mzuri," alisema. "Kama ule wa chini."

"Tumeagiza yote mahali pamoja, mzee wangu. Sisi si wababaishaji. Karibu chai kwanza."

Chai ilinywewa kila ghorofa, katika chumba kitupu jirani na lifti, huko upande wa pili wa korido. Msimamizi alifunga mlango ili upepo usimpige mzee, akamimina kutoka kwenye chupa, akasikiliza habari za magoti. Aliitikia "pole sana" huku moyoni akimtukana. Serikali nayo, watu wote walioisha inawaleta kwenye ukaguzi!

Ghorofa ya tatu, mkaguzi aliinama kwenye bawaba.

"Skrubu hizi mbona zimechubuka vichwa?"

"Bisibisi mbovu, mzee. Nitawasema."

"Usiwaseme. Mafundi wako wanajituma." Alimtazama fundi, ambaye shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Kisha akapanda kistuli, akapapasa vumbi lake, akashuka. "Chai ipo?"

Ghorofa ya nne hakungoja kukaribishwa. Aliketi, akanyoosha miguu, akaomba kikombe cha pili, na baada ya hapo cha tatu.

"Haraka ya nini?" alisema. "Tuwape watu nafasi."

Khaa! Mlafi wa chai, na bado analipwa mshahara. Msimamizi alitoka nje ya chumba, akapiga simu.

"Shemeji, umebaki mmoja tu. Huyu babu nimemtia mfukoni. Mtu hata pua yake haioni! Waambie watoto tunabaki."

Ghorofa ya tano, mlango ulikuwa mahali pake, mweupe, umenyooka. Fundi na mwenzake walikuwa wamekaa chini kwenye ngazi, hoi, hawana hata nguvu ya kusalimia. Mkaguzi aliufungua, akauachia. Ukajifunga, kitasa kikalia.

"Mzuri," alisema. "Huu mlango nimeupenda sana."

"Basi tutie saini, mzee."

"Tutatia. Ila magoti yamegoma. Panda wewe, unisomee kilichoandikwa huko juu."

Msimamizi alitaka kucheka. Vumbi mpaka mwisho! Aliufungua mlango, akapanda kistuli, akanyoosha shingo, akaangalia ukingo wa juu wa mlango, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia.

Palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko safi kama wa mwalimu, mistari minne: *Ghorofa ya kwanza, saa tatu na nusu. Ghorofa ya pili, saa nne. Ghorofa ya tatu, saa nne na nusu. Ghorofa ya nne, saa tano na dakika kumi.*

"Nafasi ya kuandika ya tano ipo?" mkaguzi aliuliza kutoka chini, akimnyooshea penseli.