Kura ya Pili

Kumtoa tulishamtoa. Mama mkwe wangu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha ushonaji, alibeba cherehani bora ya kikundi akashonee gauni la harusi ya bintiye, na nguo za wanafunzi zikachelewa. Hata mimi nilikubali atoke.

Lakini kanuni yetu inasema kumtoa ni kura moja, na kumfungia asigombee tena maisha yake yote ni kura nyingine. Ndiyo hii ya leo.

Katibu akahesabu mikono ya wanaotaka afungiwe, akahesabu ya wasiotaka, akaguna.

"Zimelingana. Amebaki mkwe wake."

Nilikuwa nagonga-gonga meza kwa subana, ile kofia ya chuma iliyokuwa bado kidoleni.

"Usinionee haya, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Piga kwa haki."

Haki! Tangu atolewe anashinda nyumbani. Ameshapanga upya sufuria zangu zote. Ameitisha kikao cha chumvi. Mume wangu kateuliwa msimamizi wa mapazia, na anaripoti kila jioni. Mtu aliyezaliwa kuongoza ukimnyima kikundi, ataongoza jiko lako.

"Wasiotaka afungiwe!" katibu akarudia.

Nilinyoosha kwa nguvu hadi subana ikaruka dirishani.

"Kumbe unanipenda hivi!" mama akasema, machozi yakimlengalenga.

"Sana, mama."

Chumba kizima kilikuwa kinacheka.

"Dada," katibu akaniita, "shusha mkono mmoja. Kura yako ni moja tu."