Breki za Mke Wangu

Mke wangu alikaza nati ya mwisho, akajifuta grisi kwenye suruali.

"Breki mpya hizo, tayari. Panda baiskeli uteremke nayo."

Nikaitazama baiskeli yangu ya mbio, nikacheka. Yeye ni fundi cherehani; spana ameishika kwa mara ya kwanza leo asubuhi.

"Mama watoto, unataka nikavunje shingo?"

Alitembea mpaka chini ya mteremko, akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Haya, njoo!"

Majirani walikuwa wanatazama. Nikapanda baiskeli, nikaiachia iteremke.

Nikabana breki kwa vidole viwili. Raba zikaikamata rimu, na gurudumu likasimama shubiri moja tu kutoka kwenye ndara zake.

Hakupepesa hata jicho.

"Nipishe nipande," akasema, akishika usukani. "Sasa ni zamu yako kusimama hapa."