Unga wa Mfupa

Bi Zamda alipeleka gitaa la marehemu mumewe kwa fundi Shekue. Marehemu alikuwa wa mkono wa shoto. Hata salamu alitoa shoto, mtaa ukapata la kusema. Sasa binti yao alitaka kulipiga, naye ni wa kulia, kwa hiyo mifereji ya nyuzi kwenye kifupa cha shingo ya gitaa ilibidi ichongwe upya.

Fundi akapanga tupa tatu mezani. "Chagua mwenyewe, shangazi."

"Ipi inakula kidogo?"

"Hii nyembamba. Ila alama za marehemu zitaondoka tu."

Bi Zamda akakinga kiganja cha kulia, unga mweupe ukamwangukia. Akakifumba.

Njiani jirani akamnyooshea mkono. Akampa wa shoto.

"Makubwa! Na wewe tena?"