Utepe Mwekundu

Pa! Utepe mwekundu ukaachia, na Siméon akaanguka chali sebuleni kwa kishindo.

Mama yake, Verdiane, alikuwa kwenye cherehani, kampa mgongo. Akageuka. Utepe uko wazi, mtoto yuko chini, anacheka.

"Limefunguka tena hilo takataka lako?"

"Mama, let me explain..."

"Sitaki! Habari za tiara sitaki kuzisikia ndani ya nyumba hii. Siku moja nitashika mkasi, utanitambua."

Siméon akaubana tena utepe kwenye mkanda wake mpana wa kiunoni, akafunga kamba kwenye kitasa cha mlango, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akauvuta. Pa! Chini tena.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya kwanza thelujini, milimani, mwendo mrefu kwa gari kutoka Mount Druitt walikoishi. Angesimama juu ya ubao, na tiara kubwa kuliko shuka la kitanda ingemvuta juu ya theluji. Watu wana mambo! Lakini huyu hakuwa kijana wa pupa. Helmeti aliinunua kabla ya ubao. Majuma mengi alijifunza kwenye majani ya uwanja wa mpira, kwa tiara ndogo kwanza, mbali na barabara na nyaya za umeme. Mkanda tu ndio aliupata kwa mtu, wa zamani kidogo, lakini mzima.

Na kila jioni mwalimu wake wa tiara alimkaririsha somo lilelile kwenye simu: upepo ukikuzidi, usishindane nao, vuta nyekundu, tiara ianguke, wewe ubaki. Simu hiyo ikilia tu, Verdiane alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sauti ya mwalimu ikapotea.

Cherehani hiyo haikupumzika mwaka ule wa 2020. Barakoa za kanisa zima zilitoka mikononi mwake, na watu walizigeuza ndani nje wakitafuta mshono, wasiuone. Alijivunia hilo, na haki yake.

Msimwone mkorofi, jamani. Alikuwa anaogopa. Walipokimbia Burundi alivuka mto na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na katikati ya maji mbeleko ikafunguka. Fundo moja tu. Aliposhika mgongo wake, ulikuwa mtupu. Siméon alizaliwa kambini baada ya hapo, na hakuna mwingine aliyemfuata. Viatu vyake, mkoba wake wa shule, hata vifungo vya shati lake, vyote mama alivikaza mara mbili. Siméon alilijua hilo, ndiyo maana hakubishana naye.

Ijumaa, Siméon akiwa kazini kwenye ghala moja huko Ingleburn, Verdiane alizima cherehani. Alikaa akilitazama begi la tiara pale mlangoni. Alilitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua mkasi, akapiga magoti na kufungua zipu.

"Huyu simpotezi," alisema peke yake.

Jumamosi alfajiri wenzake Siméon walipiga honi nje. Akafika mlangoni, akakuta begi limesogezwa na mkasi uko juu yake.

"Mama! Umefanya nini?"

Hakungoja jibu. Aliitandaza tiara sebuleni, akaikagua ncha hadi ncha, akazivuta kamba moja moja. Nzima. Hata tundu la sindano hakuliona. Akaona aibu, akamkumbatia mama yake.

"Nilidhani umeikata."

"Niikate, unililie? Nenda baba, Mungu akutangulie." Na alitabasamu kweli, tabasamu ambalo nyumba ile haikuliona wiki nzima. Siméon alitaka kuuliza, lakini honi ikalia tena, akasokomeza kila kitu begini na kutoka mbio.

Mchana Bibiane, jirani yao Mkongomani, alikuja kuchukua barakoa za watoto. Hata hajakaa vizuri, simu ya Verdiane ikalia. Ni Siméon kwenye video, helmeti kichwani, weupe kila upande.

"Mwalimu amenikagua, Mama. All good!"

Alimkagua kwa macho, kutoka mbali. Mwaka ule mwalimu hakuruhusiwa kumgusa mwanafunzi. Rafiki yake akaipokea simu ili mama aone vizuri. Tiara ikapanda.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Kijana anateleza polepole, Bibiane anapiga makofi, Verdiane anacheka mpaka machozi. Kisha simu ikaanza kunguruma. Upepo. Tiara ikajipinda juu, kamba zikakaza, na Siméon akaanza kukokotwa kuelekea kwenye miamba. Mwalimu alipiga kelele, upepo ukayameza maneno. Mkono wa Siméon ukaenda kiunoni. Ukavuta. Ukavuta tena, sasa kwa mikono miwili. Miguu yake ikaachana na theluji.

"Yesu wangu!" Bibiane akashika kichwa. "Mama Siméon, mtoto anaanguka!"

"Haanguki." Verdiane alimpapasa goti, macho hayabanduki kwenye simu. "Tulia, dada. Kuna utepe pale kiunoni ulikuwa unafunguka ovyo, wiki nzima unaniangushia mtoto. Jana nimeushona kwa uzi wa nailoni, mara tatu. Sasa hata uvutwe na ng'ombe, haufunguki."